Mboga Kiasi Kilekile

Mimi ni fundi wa mabomba, Nyalenda wananijua.
Mvujo nyuma ya ukuta naupata
kwa kuweka sikio, kama mkunga.
Lakini Jumanne ile usiku Dorsila alikohoa
na leso yake ya manjano ikageuka rangi,
nami nikasimama na tochi mkononi
nisijue valvu iko wapi.

"Kifua kikuu," walisema pale mapokezi, hatujaketi.
Wakatupatia barakoa na benchi la peke yetu.
Makohozi yakaenda maabara, yakarudi safi.
Yakaenda tena. Yakarudi safi.
Mama Truphena, kitanda cha dirishani,
akausogeza uji wake mbali,
safi au si safi.

Ni Daktari Nasambu aliyeuliza mambo ya kando:
huu mguu ulivimba lini?
Na mimba zilizotoka, ya miezi minne, ya mitano,
nani alifuatilia?
Tukatazamana. Hakuna aliyefuatilia.
Mama yangu alikuwa na jibu lake,
na jibu hilo lilikula nasi mezani miaka mitatu.

Daktari akachora nyuma ya kadi ya kliniki.
Walinzi wa mwili wamemgeukia mwenye nyumba,
wanaiamrisha damu igande pasipo jeraha.
Iliganda mguuni.
Iliganda kwenye kondo, ikawafungia mlango wawili.
Basi damu yenye haraka hivyo ya kuganda,
nikauliza, inavujaje mapafuni?

Nikajijibu, kwa kiburi cha spana:
bomba likiziba huku, presha hupasua kule.
Akatikisa kichwa. "Ingekuwa hivyo ningelala usingizi.
Vimishipa vyenyewe vimeungua, kuta zimekuwa chujio.
Hutokea kwa nadra sana."
Nadra. Neno hilo nilikuwa nalijua kwa vipuri,
vile vya kuagiza Nairobi na kungoja.

Dawa ya kulainisha damu ikisimamishwa, itaganda.
Ikiendelea, mtu atazama kitandani
shuka zikiwa kavu.
Waliisimamisha. Wakamtilia steroidi mshipani
asubuhi tatu, na ya nne.
Mimi nilikagua kiungio cha mpira wa oksijeni
labda mara ishirini kwa siku.
Hicho nilikielewa.
Mapovu kwenye ile chupa nikayahesabu
hadi muuguzi akaniambia, Obiero, nenda ukaoge.

Mama alikuja Jumapili na chupa ya chai.
Alifanya kazi kiwanda cha pamba, zamani, kabla hakijafa.
Akaiinua picha ya kwanza ya kifua kwenye mwanga,
akainua na ya pili.
Akakaa kimya muda mrefu.
"Hii," akasema, "imeanza kuchambuka."
Kisha akamuuliza daktari kwa sauti ndogo,
na wale watoto, ilikuwa ni hii hii?
Ndiyo, ilikuwa hii hii.
Hakuomba msamaha, mama yangu haombi.
Aliichukua ile leso ya manjano akaenda nayo bombani,
akaifua kwa maji baridi, kwa sababu maji moto hukaza damu,
na hakurudi hadi ilipokauka.

Sasa tuko nyumbani. Alhamisi ni kliniki,
kidole, tone, namba kwenye kitabu.
Dawa imerudi, kidogo kidogo.
Mboga ale, walisema, asiache,
ila kiasi kilekile kila siku, maana mboga za majani
hushindana na dawa.
Waambie hayo watu wa huku, kwenye mnavu na kunde na mrenda!
Mama anapima kwa kikombe cha bati.
Hapunguzi, haongezi, hata wageni wakija.

Usiku naweka sikio mgongoni pa Dorsila.
Bomba zima halisemi kitu.
Pafu zima husema kidogo tu,
kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.
Nasikiliza. Hewa inaingia, inatoka.
"Toa hilo sikio," ananiambia,
"lina baridi."